Betri ya Dreamliner: jaribio lililofaulu, makadirio yaliyoanguka

Tarehe 7 Januari 2013 ndege ya Japan Airlines aina ya Boeing 787, maarufu kama Dreamliner, ilikuwa imeegeshwa uwanja wa Logan mjini Boston, imetoka Narita, Japani. Abiria 183 na wafanyakazi 11 walikuwa wameshashuka, na waliobaki ndani ni wasafishaji. Wao ndio waliouona moshi nyuma ya kabini. Fundi aliyefungua chumba cha vifaa vya umeme upande wa mkia alikuta ndimi mbili ndogo za moto mbele ya kasha la betri, pale waya zinapochomekwa. Alipuliza kizimamoto cha unga na moto haukuzimika. Ndege yenyewe ilikuwa mpya kabisa: ilikabidhiwa kwa shirika tarehe 20 Desemba 2012 na ilikuwa imeruka saa 169 tu.

Tarehe 16 Januari ndege ya All Nippon Airways ya aina hiyohiyo, ikitoka Yamaguchi Ube kwenda Haneda, ilitua kwa dharura Takamatsu. Safari hii ilikuwa betri kuu, ile ya mbele. Watu 137 waliteremka kwa slaidi za dharura. Siku hiyohiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, iliamuru 787 zisiruke, na kote duniani ndege 50 zilizokuwa kazini zikabaki chini. Tangu DC-10 mwaka 1979, mamlaka hiyo ilikuwa haijawahi kusimamisha aina nzima ya ndege ya abiria.

Mambo ya moto na moshi yameandikwa sana. Kinachonishughulisha mimi ni namba. Wakati wa kuomba ithibati, yaani kibali rasmi cha usalama wa ndege, Boeing ilikadiria kwamba tukio la betri kutoa moshi lingetokea chini ya mara moja katika saa milioni 10 za kuruka. Siku ndege zinasimamishwa, 787 zote kwa pamoja zilikuwa hazijafikisha saa 52,000 za safari za kazi, na matukio yalikuwa mawili. Hiyo ni takriban moja kwa kila saa 26,000. Tukichukua kwamba makadirio yalikuwa sahihi, uwezekano wa kupata matukio mawili ndani ya muda mfupi namna hiyo ni kama 1 kati ya 74,000. Mtu mwenye akili timamu hasemi ilikuwa bahati mbaya. Anasema makadirio yalikuwa na kasoro, kisha anauliza kasoro iliingilia wapi.

Nimesoma watu wengi wakijibu kwamba wahandisi walidanganya au walikuwa wazembe. Jibu hilo ni rahisi mno na halimfundishi mtu kitu. Mimi naona kosa lilikuwa katika namna ya kuhesabu majaribio: walilipatia jaribio lililofaulu thamani kubwa kuliko lilivyostahili, na hawakuingiza katika hesabu majaribio ambayo yangeweza kufuata wala usanifu upya ambao yangelazimisha.

Tuangalie chombo chenyewe. Betri ya 787 ilitengenezwa na GS Yuasa ya Kyoto, Japani, chini ya mkataba na Thales ya Ufaransa iliyopewa kazi ya mfumo huo wa umeme. Kila ndege ina mbili: moja mbele kwa ajili ya umeme wa ndege, nyingine nyuma ya kuwasha injini ndogo ya mkiani. Kila betri ina seli nane za lithiamu zilizopangwa karibukaribu ndani ya kasha moja, na betri nzima ina uzito wa kilo 28 na ushee. Ndege zilizotangulia zilitumia betri za nikeli na kadimiamu. Lithiamu ilichaguliwa kwa sababu inabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na nguvu hiyohiyo ndiyo hatari yake. Seli ikipata shoti kwa ndani inapanda joto, joto linaharakisha mmenyuko, mmenyuko unazaa joto zaidi, mpaka seli inapasuka na kutapika mvuke unaowaka. Kama seli ya jirani iko karibu na haina kinga, nayo inafuata.

Kwa hiyo hatari ya betri hii ina vipande viwili, na ni vyema kuvitenganisha tangu mwanzo. Kipande cha kwanza: ni mara ngapi seli moja itapata shoti ya ndani? Cha pili: ikishapata, itaungua peke yake au itawavuta majirani? Seli moja ikitoa moshi na kukoma hapo, ni usumbufu. Seli nane zikifuatana, hilo ni janga ndani ya ndege iliyo juu ya bahari.

Kipande cha kwanza hakipimiki maabara, na hapa hesabu haina huruma. Ukijaribu kitu kwa saa fulani bila kuona hitilafu hata moja, kikomo cha juu unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni takriban 3 ukigawanya kwa idadi ya saa hizo. Ili kuthibitisha 1 kati ya milioni 10, unahitaji saa milioni 30 bila tukio. Ndege 50 zikiruka saa 12 kila siku zingehitaji miaka 137. Hakuna kiwanda kinachoweza kufanya hivyo. Maana yake ni kwamba namba ile, hata ingekuwa sahihi, isingeweza kutoka kwenye majaribio. Ilisimama juu ya dhana na uzoefu wa vitu vinavyofanana.

Kipande cha pili kinapimika, tena kwa gharama ndogo. Unachukua betri nzima, unailazimisha seli moja ipate shoti, unaangalia kama majirani wataungua. Mwaka 2006 jaribio la namna hiyo lilifanyika: seli ilitobolewa kwa msumari ndani ya betri ya majaribio. Ilitoa moshi, lakini seli nyingine hazikuufuata mkumbo. Kutokana na matokeo hayo, tathmini ya usalama ikachukulia kwamba shoti ya ndani ingeishia kwenye seli moja, bila moto. Moto ulihesabiwa kuwa unaweza kutokea tu kama betri ikichajiwa kupita kiasi, na ulinzi mwingi ukawekwa upande huo.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Jaribio moja lililofaulu linakuambia nini? Chukua hali ya mtu asiyejua kitu: kabla ya jaribio, uwezekano wa moto kusambaa unaweza kuwa wowote, kuanzia sifuri hadi hakika, na hakuna thamani anayoipendelea. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alituachia kanuni ya kushughulikia hali hii zaidi ya miaka 200 iliyopita: chukua idadi ya mara moto uliposambaa, ongeza 1, kisha gawanya kwa idadi ya majaribio ukiongeza 2. Ukijaribu mara moja na moto usisambae, makadirio yako ya uwezekano wa kusambaa mara ijayo ni 1 kati ya 3. Umetoka kwenye nusu ukafika theluthi, basi. Unaweza kubisha kwamba mhandisi haanzi bila kujua kitu, kwamba ana kemia na uzoefu wake. Sawa, mpunguzie afike 1 kati ya 5, hata 1 kati ya 10. Bado hakuna njia ya halali ya kutoka kwenye msumari mmoja hadi kwenye maneno “haitatokea”.

Sasa tufanye hesabu ambayo ingeweza kufanyika mwaka ule mezani. Namba hizi ni zangu, za kuonyesha njia tu. Hazikutoka kwenye faili la mtu yeyote. Tuseme timu inaandika: tutafanya majaribio mengine matatu ya betri nzima, ikiwa imefungwa kama itakavyofungwa ndani ya ndege. Moto ukisambaa hata mara moja, tunasanifu upya: kasha zito, vizuizi kati ya seli, bomba la kutoa mvuke nje. Tuseme pia kwamba baada ya usanifu huo wanaamini uwezekano wa madhara kutoka nje ya kasha utakuwa 1 kati ya 20. Hawaandiki sifuri, maana kasha jipya nalo linaweza kuwa na kasoro zake: maungio yanayovuja, bomba linaloziba, shinikizo ambalo halikutegemewa.

Kwa kanuni ileile, uwezekano wa kufaulu jaribio linalofuata ni 2/3, la pili 3/4, la tatu 4/5. Zizidishe: 2/5. Yaani, kwa ujuzi waliokuwa nao siku ile, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 60 kwamba wangelazimika kusanifu upya. Meneja mwenye namba hiyo mkononi angejua mapema kwamba uzito wa kasha la chuma huenda ukaingia kwenye ndege, na angelipangia nafasi, fedha na muda kabla michoro haijafungwa.

Upande wa usalama, kuna njia mbili. Majaribio yote matatu yakifaulu, makadirio ya kusambaa yanashuka hadi 1 kati ya 6. Moja likishindwa, usanifu upya unaleta 1 kati ya 20. Ukipima kila njia kwa uzito wake, 0.4 mara 1/6 na 0.6 mara 1/20, unapata takriban 1 kati ya 10. Hayo ndiyo makadirio ya betri itakayoingia angani, tofauti na betri iliyoko mezani leo, ambayo bado ni 1 kati ya 3. Ni siku moja, ni ushahidi mmoja, lakini ni namba mbili, kwa sababu moja imehesabu kazi iliyo mbele na nyingine haikuhesabu.

Naomba msomaji arudie kuziangalia zile njia mbili. Betri iliyofaulu majaribio yote inabaki na 1 kati ya 6. Betri iliyoshindwa ikatengenezwa upya ina 1 kati ya 20. Iliyoshindwa ndiyo salama zaidi. Watu wengi wanaosimamia miradi hawalipokei jambo hili kwa urahisi, kwa sababu ofisini jaribio lililofaulu linapigiwa makofi na lililoshindwa linaitiwa kikao. Lakini jaribio lililofaulu halibadilishi chombo. Linabadilisha imani yako tu, tena kidogo. Lililoshindwa, kama kuna mtu wa kulifanyia kazi, linabadilisha chombo chenyewe. Msumari wa 2006 ulifaulu, na betri ikaendelea ilivyo.

Lakini hesabu hii ya kuingiza kazi ijayo katika makadirio ya leo ina masharti, na bila masharti inageuka kuwa njia nyingine ya kujidanganya.

Sharti la kwanza ni kwamba jaribio liwe na uwezo wa kulifichua kosa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza tukio la Boston karibu miaka miwili na kutoa ripoti yake kamili Desemba 2014. Moja ya mambo iliyoyabaini ni kwamba jaribio la msumari halikuiga hali kali zaidi ambayo betri ingekutana nayo ikiwa imefungwa ndani ya ndege. Ndani ya ndege kasha la betri limeunganishwa na mwili wa ndege, kile ambacho mafundi umeme wetu wanakiita ethi. Seli iliyovimba ikigusa kasha, umeme unapata njia mpya ya kupita, na joto linapata chanzo kipya. Majaribio ya baadaye, yaliyofanywa kwa ajili ya uchunguzi, yalionyesha kwamba hali ya ethi na joto la mazingira vinaweza kubadilisha matokeo kabisa. Kwa hiyo hata ungepiga misumari 20 katika hali ile ya kwanza, usingestahili kupunguza namba yako sana. Ungekuwa umerudia swali lilelile lisilo sahihi mara 20.

Sharti la pili ni kwamba uamuzi wa kusanifu upya uwe umeandikwa kabla ya jaribio. “Tukiona tatizo tutalishughulikia” si mpango. Mradi wa 787 ulichelewa zaidi ya miaka mitatu. Ndege ya kwanza iliyotarajiwa kukabidhiwa Mei 2008 ilifika kwa mteja Septemba 2011. Sisemi kwamba kuchelewa huko ndiko kulikosababisha kasoro ya betri, wala uchunguzi haukusema hivyo. Nasema tu kwamba katika mradi wowote uliochelewa, kila anayeshika kalamu ana sababu ya kutaka jaribio lililofaulu jana litoshe leo. Kama kizingiti hakikuandikwa, kitasogezwa. Na kama usanifu upya hautafanyika hata jaribio likishindwa, ile 1 kati ya 10 inarudi kuwa 1 kati ya 3, na asilimia 60 ile inakuwa uwezekano wa kujua tatizo na kunyamaza.

Sharti la tatu ni kwamba masharti ya ithibati yasigande wakati elimu inasonga. Masharti maalumu ya FAA kuhusu betri za lithiamu za 787 yalitolewa mwaka 2007. Mwaka 2008 ukatoka mwongozo mpya wa sekta, DO-311, wenye majaribio makali zaidi ya kudhibiti moto wa seli. Betri iliyoidhinishwa kwa masharti ya 2007 haikulazimishwa kurudi kujaribiwa kwa mwongozo huo. Katika lugha ya hesabu yetu, majaribio yaliyostahili kuwa “yajayo” yalikuwepo kwenye karatasi, ila hakuna aliyelazimika kuyafanya.

Vilevile kuna majaribio ambayo hakuna aliyeyapanga: ndege zenyewe kazini. Mwaka 2012 All Nippon Airways ilibadilisha betri 10 kwenye 787 zake, baadhi kwa sababu chaji ilishuka isivyotarajiwa. Mtengenezaji alijua. Mamlaka hazikuarifiwa kwa sababu hakuna kanuni iliyotaka hivyo. Betri kubadilishwa lilikuwa suala la matengenezo, halikuhesabiwa kuwa suala la usalama. Hakuna uthibitisho kwamba betri hizo zilikuwa njiani kuungua. Lakini mtu anayeendelea kuhesabu baada ya ithibati angejiuliza: kama nilitarajia betri zidumu miaka, hizi 10 zinasema nini kuhusu namba yangu? Mwaka 1964 J. T. Duane wa General Electric alionyesha kwamba hitilafu zikikusanywa na kurekebishwa kwa mpangilio, kiwango chake hushuka kwa mwendo unaoweza kuchorwa na kutabiriwa. Lakini mchoro huo unahitaji mtu wa kukusanya. Alama ambazo hazifiki mezani hazichoreki.

Sasa njoo usanifu wa 2013, kwa sababu hapo naona kazi ya kiungwana. Wahandisi walitafuta chanzo cha shoti ya ndani na hawakukipata kwa uhakika. Wangeweza kung’ang’ania kwamba wamekiondoa. Badala yake waliorodhesha sababu nyingi zinazowezekana na kuzishughulikia zote kwa tabaka. Kiwango cha chaji kilibanwa. Seli ziliwekewa vizuizi vya joto na umeme katikati. Kisha betri nzima ikafungiwa ndani ya sanduku la chuma kisichoshika kutu, lenye bomba linalopeleka mvuke moja kwa moja nje ya ndege, ili moto ukose hewa na moshi usiingie kabini. Kwa maneno mengine, walichukulia kwamba seli itaungua tena siku moja. Walikiacha kipande cha kwanza cha hatari kikiwa na mashaka yake, wakaweka nguvu kwenye kipande cha pili, kile kinachopimika, na safari hii wakakipima betri ikiwa ndani ya sanduku lake.

FAA iliukubali usanifu huo tarehe 19 Aprili 2013. Shirika la kwanza kurudisha 787 kazini lilikuwa Ethiopian Airlines, tarehe 27 Aprili, na safari yenyewe ilikuwa Addis Ababa kwenda Nairobi. Abiria walioshuka Jomo Kenyatta siku ile walikuwa wa kwanza duniani kusafiri kibiashara na sanduku hilo jipya chini ya miguu yao. Kenya Airways ilipokea 787 yake ya kwanza Aprili 2014, na Air Tanzania Julai 2018. Zote zilikuja na usanifu mpya.

Jibu la kwanza kutoka kazini halikukawia. Tarehe 14 Januari 2014, 787 ya Japan Airlines ikiandaliwa kwa safari uwanjani Narita, seli moja ya betri iliachia mvuke. Moshi ulitoka nje ya ndege kama ulivyopangiwa, na seli nyingine saba hazikufuata.

Tukio hilo lilipokelewa kwa namna mbili, na zote zina ukweli wake. Wapo waliosema: mnaona, seli bado zinaharibika, hawajatibu kitu. Wapo waliosema: mnaona, sanduku limefanya kazi. Ukitumia vipande viwili vya hatari, hakuna ugomvi hapo. Kuhusu kipande cha kwanza, Narita iliongeza tukio la tatu na kuthibitisha kwamba ile 1 kati ya milioni 10 isirudishwe tena mezani. Kuhusu kipande cha pili, lilikuwa jaribio moja lililofaulu, katika hali halisi, ndege ikiwa kwenye ethi yake na hewa yake. Na tukitaka kuwa wakweli kama tulivyotaka kwa msumari wa 2006, jaribio moja la uwanjani nalo lina uzito wa jaribio moja. Kinacholiongezea nguvu ni kwamba lilikuja juu ya majaribio mengi ya maabara yaliyofanywa betri ikiwa ndani ya sanduku lake.

Ripoti ya NTSB ilitaja chanzo cha Boston kuwa shoti ndani ya seli moja iliyosambaa kwa nyingine, ikaongeza kwamba tathmini ya usalama haikuzingatia matokeo mabaya zaidi ya shoti hiyo na kwamba wakaguzi wa ithibati hawakuliona pengo. Kwa mhandisi anayeandaa makadirio leo, iwe ni betri ya pikipiki ya umeme Kigali au transfoma ya kituo kidogo cha umeme, fomu ingebadilika kidogo tu. Pembeni ya kila namba iwepo nafasi ya kuandika dhana iliyoibeba, jaribio linaloweza kuipinga, hali ambayo jaribio litafanyiwa, kizingiti cha kusanifu upya, na asilimia ya uwezekano kwamba kizingiti hicho kitafikiwa. Asilimia hiyo ya mwisho ikiandikwa sifuri, mkaguzi ana haki ya kurudisha fomu.